Mitandao ya kijamii yageuza soko: Chema nacho sasa chajitembeza

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi methali hiyo ilikuwa kinga ya mnunuzi. Muuzaji aliyepita mitaani akipiga kelele alitiliwa shaka, na duka lenye bidhaa bora lilifuatwa na wateja lilipo, hata kama lilikuwa kichochoroni.

Leo methali hiyo imepata mtihani. Katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, kabla mzigo mpya wa viatu haujapangwa kwenye rafu, picha zake zimekwishapigwa kwa simu na kutumwa Instagram na katika makundi ya WhatsApp, zikiwa na maneno yaliyozoeleka: "Mzigo umeingia, mikoani tunatuma."

Chema kinajitembeza na kibaya kinajitembeza. Vyote viwili vinapita njia moja na kuonekana kwenye kioo kilekile cha simu.

Wengi wanapozungumzia mabadiliko haya hutaja wingi wa matangazo na urahisi wa kununua ukiwa umeketi nyumbani. Hayo ni kweli. Hata hivyo, jambo kubwa zaidi lililotokea ni kuhama kwa imani. Zamani mnunuzi aliliamini duka alilolifahamu, lenye mlango na mwenye duka anayemjua kwa sura. Sasa anamwamini mtu ambaye huenda hatakutana naye maishani.

Imani ilipohama, hatari nayo ilihama. Katika duka la kawaida bidhaa na fedha hubadilishana mikono kwa wakati mmoja. Katika biashara ya mtandaoni, hasa ile ya kutuma mizigo mikoani, mmoja lazima atangulie. Mara nyingi anayetangulia ni mnunuzi.

Kutoka redioni hadi kiganjani

Kizazi kilichokua kabla ya miaka ya 1990 kinakumbuka matangazo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo ndiyo pekee yaliyomfikia mwananchi wa mjini na wa kijijini kwa pamoja. Vyombo binafsi viliporuhusiwa, Radio One na ITV zikaanza mwaka 1994, na matangazo ya biashara yakaongezeka.

Pamoja na ongezeko hilo, tangazo lilibaki kuwa la wenye mtaji. Kiwanda cha bia, benki au kampuni ya simu iliweza kulipia dakika ya redio. Mama mwenye fremu moja ya vitenge hakuweza, naye aliendelea kutegemea wapita njia na sifa zilizotangazwa na wateja wake wa zamani.

Nyenzo zilizoibadili hali hiyo zilifika moja baada ya nyingine. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. WhatsApp ilianza mwaka 2009 na Instagram Oktoba 2010. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1 za Marekani, na mwaka 2014 ikainunua WhatsApp kwa takriban dola bilioni 19. Januari 2018 WhatsApp ilitoa programu maalumu ya wafanyabiashara wadogo.

Hakuna iliyoweza kuleta mageuzi hayo peke yake. Picha isiyo na njia ya malipo ni tangazo tu, na njia ya malipo isiyo na picha haiuzi gauni. Zilipokutana kwenye simu moja, mfanyabiashara mdogo akawa na rafu ya kupangia bidhaa, kaunta ya kuzungumzia na droo ya kuwekea fedha, vyote mfukoni.

Fremu isiyo na kilemba

Anayetaka fremu katika mitaa yenye wateja wengi ya Kariakoo anajua gharama zake. Hulazimika kulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na mara nyingi hulipa pia kilemba kwa anayemwachia nafasi. Kijana aliyemaliza chuo hana fedha hizo.

Simu haikudai kilemba. Ndiyo maana walioingia katika biashara hii ni watu ambao zamani wasingepata nafasi: mama anayelea mtoto nyumbani, mtumishi wa ofisi anayejibu wateja wakati wa chakula cha mchana, mwanafunzi wa chuo anayeuza manukato bwenini.

Wamo pia wasio na bidhaa hata moja. Huchukua picha kutoka kwa muuza jumla, huongeza bei na kuzisambaza kwa wafuasi wao, na mteja anapolipa ndipo hukimbilia dukani kuchukua mzigo. Huyu ni dalali yuleyule wa zamani, isipokuwa mteja wake hana habari kama anazungumza na dalali au na mwenye mali.

Yapo mafunzo katika kisa cha kampuni ya Jumia. Aprili 2019 iliuza hisa zake kwa mara ya kwanza katika Soko la Hisa la New York, na Novemba mwaka huohuo ikafunga shughuli zake Tanzania. Kampuni yenye tovuti ya kisasa na mfumo wa usambazaji iliondoka, wakati wauzaji wa Instagram wasio na chochote zaidi ya simu wakiendelea na kazi.

Kila kampuni ina hesabu zake. Hata hivyo, si vigumu kuona tofauti iliyopo kwa upande wa mteja. Tovuti humwonyesha picha na bei, kisha humsubiri abonyeze. Mnunuzi wa Dar es Salaam hakuzoea kununua hivyo. Anataka kuuliza kitambaa ni cha aina gani, aombe apigiwe video, na mwisho aulize bei ya mwisho ni ngapi. Tovuti haijui kujibu swali hilo. Muuzaji wa WhatsApp analijibu, tena kwa kumwita mteja dada, kaka au bosi.

Kwa maneno mengine, mitandao ya kijamii haikuja na soko geni. Ilichukua mazungumzo ya Kariakoo na kuyaingiza kwenye simu.

"Bei njoo inboksi"

Hakuna kinachowaudhi wanunuzi wa mtandaoni kama maneno hayo. Picha ya kochi au simu huwekwa hadharani, lakini bei hufichwa mpaka mteja aandike faraghani.

Wauzaji wana sababu zao. Hawataki washindani wajue bei zao, na wanaamini mteja aliyeanza kuzungumza ni rahisi kumshawishi kuliko anayepita tu. Aidha, wapo wanaouza kwa bei mbili, ya rejareja na ya jumla, na hawapendi wateja wa makundi hayo wakutane.

Tatizo ni kwamba katika mazungumzo hayo nguvu hazilingani. Mnunuzi humwona muuzaji kwa jina la biashara tu, lakini muuzaji anaweza kuifungua akaunti ya mteja, akaona picha za gari lake, mtaa anaoishi na sherehe aliyohudhuria wiki iliyopita, ndipo akataja bei. Kariakoo ya ana kwa ana nayo ilimpima mteja kwa mavazi, ila mteja aliweza kuvuka barabara na kuuliza duka la pili huku bidhaa zote mbili akiziona kwa macho.

Mnunuzi mpya

Pamoja na hayo, mnunuzi hakubaki alivyokuwa. Amejifunza mbinu zake, na baadhi yake zimewalazimu wauzaji kubadilika.

Kwanza, anafika dukani akiwa na picha. Zamani alimwuliza mwenye duka kuna nini kipya. Leo anatoa simu na kusema anataka kama hiki. Muuzaji aliyekuwa akiamua mtindo wa msimu sasa anafuata uliokwishaamuliwa na wasanii, na kamati za harusi zinazochagua sare ya vitenge ndani ya kundi la WhatsApp.

Pili, anasoma maoni ya wengine kabla ya kulipa. Sehemu ya maoni chini ya picha imekuwa kama baraza la mashahidi: huyu anasema mzigo ulimfikia, yule anasema rangi haikuwa ile. Wateja wazoefu wanajua kwamba muuzaji aliyefunga sehemu ya maoni ana sababu ya kufanya hivyo. Wanajua pia kwamba sifa zinaweza kununuliwa, na wafuasi vilevile.

Marekani tatizo hilo limetungiwa kanuni. Tangu Oktoba 2024, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo imepiga marufuku kuuza au kununua maoni ya uongo ya wateja, na anayekiuka anaweza kutozwa faini.

Tatu, analalamika hadharani. Miaka ya nyuma mteja aliyetendewa visivyo aliandika barua kwa mhariri na kusubiri. Siku hizi huandika chini ya picha ya benki au kampuni ya simu inayotangaza huduma mpya, na mara nyingi hujibiwa haraka kuliko aliyepanga foleni katika ofisi za kampuni hiyo. Kampuni kubwa zimeajiri watu wa kujibu malalamiko hayo kwa kuwa kimya chao huonekana na kila mtu.

Lakini hata hapa hakuna usawa. Malalamiko ya mwenye wafuasi laki moja yana uzito tofauti na ya mzee wa Mbagala ambaye hana akaunti.

Balozi anayelipwa

Kampuni ziligundua mapema kwamba watu huamini watu kuliko nembo. Wasanii, waigizaji na watangazaji wakafanywa mabalozi wa bidhaa. Wengine wakaenda mbali zaidi na kuuza bidhaa zao wenyewe, kama alivyofanya msanii Diamond Platnumz mwaka 2017 alipoingiza sokoni manukato ya Chibu na karanga zenye jina lake, akizitangaza kwa mashabiki waliokuwa wakimfuata kwa ajili ya muziki.

Msanii anapotangaza karanga zake, kila mtu anajua anauza. Utata huanza anapopiga picha akiwa na chupa ya kipodozi na kuandika kwamba ndicho kilichoing'arisha ngozi yake. Mfuasi hajui kama huo ni ushuhuda wa kweli au ni kazi iliyolipiwa.

Oktoba 2022 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilitangaza kwamba Kim Kardashian amekubali kulipa dola milioni 1.26 kwa kutangaza sarafu ya kidijitali kwenye Instagram bila kueleza kwamba alilipwa dola 250,000 kufanya hivyo. Kosa lake halikuwa kutangaza. Lilikuwa kuficha malipo.

Kwa Tanzania, suala hili linagusa afya moja kwa moja. Tangu mwaka 2019 jukumu la kusimamia usalama wa chakula na vipodozi liko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mkaguzi anaweza kuingia dukani na kukamata krimu zenye zebaki au hidrokwinoni. Ni vigumu zaidi kumkamata anayechanganya mkorogo jikoni kwake, akaupiga picha kwenye mwanga mzuri na kuutuma kwa basi.

Hasara ni ya nani?

Tuseme mnunuzi wa Mbeya ameona gauni la Sh30,000 kwenye akaunti ya Instagram yenye wafuasi wengi. Anaambiwa alipie kwanza, kisha mzigo utapandishwa basi katika Kituo cha Magufuli kilichopo Mbezi. Anatuma fedha kwa simu. Baada ya hapo ama gauni linafika, ama linafika lisilofanana na la pichani, ama akaunti ile inamfungia asiweze kuiona tena.

Katika hali hizo mbili za mwisho, haki yake iko wapi?

Kwenye karatasi, ipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina sehemu mahsusi ya kumlinda mlaji anayenunua kwa njia hiyo, ikimtaka muuzaji ajitambulishe na kutoa maelezo ya bidhaa yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo inautaja ulaghai unaofanywa kwa kompyuta kuwa ni jinai.

Ugumu uko kwenye hesabu. Ili adai Sh30,000, mnunuzi huyo anahitaji nauli, muda wa kwenda polisi kufungua jalada na jina halisi la mtu aliye umbali wa mamia ya kilomita. Wengi hupiga hesabu hiyo na kuamua kusamehe. Tapeli naye anaijua, na ndiyo maana wengi wa aina yake hawaibi milioni moja kwa mtu mmoja. Huchukua elfu thelathini kwa watu wengi.

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulitarajiwa kuziba mwanya huo. Kuanzia Januari 20, 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Hatua hiyo ilisaidia, lakini ujumbe maarufu wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haukutoweka, kwa kuwa walaghai hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine.

Anayeumia si mnunuzi peke yake. Kila anayetapeliwa huacha kumwamini muuzaji anayefuata, ambaye huenda ni mkweli kabisa. Wapo wauzaji waaminifu wanaolazimika kutuma mzigo kwa bodaboda na kukubali kulipwa mteja akipokea, kisha mteja anazima simu na gharama ya bodaboda inabaki kwao. Uongo wa mmoja hulipwa na wengi, wa pande zote mbili.

Kujenga kwenye kiwanja cha mtu

Muuzaji ana hatari nyingine ambayo haionekani siku anayofungua akaunti. Duka lake liko kwenye kiwanja kisicho chake.

Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza habari za ndugu na marafiki kuliko za kurasa za biashara. Mwenye ukurasa wenye maelfu ya wafuasi akakuta kwamba anachoandika kinawafikia wachache, na akitaka wengi zaidi alipie. Kile kilemba alichokikimbia Kariakoo kilirudi kwa jina jingine, na safari hii mwenye nyumba yuko California na hapigi hodi.

Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita kutokana na hitilafu ya kampuni yenyewe. Kwa anayeuza kupitia hizo tatu, ilikuwa sawa na kufungiwa mlango jioni ya Jumatatu. Nchini, intaneti ilizimwa Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, na huduma hazikurejea kwa siku kadhaa. Oda, malipo na mawasiliano na wateja wa mtandaoni vilisimama, wakati kodi ya nyumba na deni la mkopo havikusimama.

Serikali nazo zimeiona fedha inayozunguka huko. Kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, Tanzania iliweka kodi ya asilimia 2 kwa kampuni za nje zinazotoa huduma za kidijitali nchini. Kwa upande wa taarifa za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023.

Wauzaji wanaopenda kuweka picha za wateja wao kama ushahidi wa kazi nzuri wanapaswa kutazama jirani. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data nchini Kenya ilikitoza kilabu kimoja cha burudani cha Nairobi faini ya Sh1.85 milioni za nchi hiyo kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake.

Kinachohitajika

Ni dhahiri kuwa soko hili halitarudi nyuma, na hakuna sababu ya kutaka lirudi. Limewapa kazi watu ambao fremu ziliwakataa, na limempa mnunuzi wa Sumbawanga bidhaa ambazo zamani zilihitaji safari ya siku nzima.

Lakini sheria zilizopo zitabaki kwenye makabati iwapo hakuna njia nyepesi ya kudai fedha kidogo. Mlaji aliyepoteza Sh30,000 anahitaji kulalamika kwa simu ileile aliyolipia, na malalamiko yake yaunganishwe na ya wenzake waliotuma fedha kwa namba ileile. Mmoja hana kesi yenye uzito, ila mia moja wanayo. Kampuni za simu, Tume ya Ushindani na Jeshi la Polisi kila mmoja ana sehemu yake ya kumbukumbu hizo.

Wauzaji wanaotaka kudumu nao wana la kufanya: kuweka bei hadharani, kutumia lipa namba yenye jina la biashara badala ya namba binafsi inayobadilika kila wiki, na kutunza orodha ya wateja nje ya mtandao mmoja.

Kwa mnunuzi, zimebaki sekunde chache. Kabla ya kuingiza namba ya siri, simu humwonyesha jina la anayepokea fedha. Kama duka linaitwa jina moja na fedha zinakwenda kwa mtu mwenye jina lisilohusiana nalo, hapo ndipo pa kusimama na kuuliza. Zamani alikuwa na mtaa mzima wa kutembea akilinganisha chema na kibaya kabla ya kutoa noti mfukoni. Sasa safari yote hiyo imefupishwa kuwa mstari mmoja wa maandishi kwenye kioo cha simu, na wengi huupita bila kuusoma.